Mwalimu wa Kiswahili Katika Mlango wa Tiba ya Usemi: Nini Achukue, Nini Aache

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo ambalo halijapewa nafasi ya kutosha katika majarida yetu ya Kiswahili. Jambo lenyewe ni safari ya mtu aliyefundisha au kutafiti Kiswahili kwa miaka mingi, ambaye katikati ya umri wake anaamua kuomba nafasi ya kusomea shahada ya uzamili ya tiba ya usemi na lugha. Kwa tiba ya usemi na lugha tuna maana ya taaluma inayowashughulikia wenye kigugumizi, watoto wanaochelewa kusema au kuelewa lugha, watu waliopoteza lugha kutokana na kiharusi (hali iitwayo afasia), watoto waliozaliwa na mpasuko wa kaakaa, wenye usonji au mtindio wa ubongo, na hata wale wenye matatizo ya kumeza chakula, kwa kuwa viungo vitumikavyo kumezea ndivyo vitumikavyo kusemea.

Mjadala wetu utajikita Marekani. Huko ndiko mwandishi alikopitia mlango huu, na masharti ya kuingia yameandikwa wazi kiasi cha kuweza kujadiliwa. Hata hivyo, swali la msingi linamgusa kila mwenye shahada ya Kiswahili popote alipo: je, mtu huyu anapogonga hodi katika taaluma ya tiba, anaiacha taaluma yake ya kwanza au anaibeba? Wapo wenzetu wanaomwona kuwa ametoroka. Wapo pia wakuu wa vyuo vya tiba wanaomwona kuwa ni mgeni asiye na chochote mkononi. Kwa maoni yetu, pande zote mbili zimekosea. Mwalimu wa Kiswahili huingia na mzigo wa thamani kubwa; lakini upo mzigo mmoja ambao asipoutua mlangoni utawadhuru wale anaotaka kuwatibu. Mzigo huo ni kalamu nyekundu, yaani mazoea ya kuhesabu kuwa kosa kila kisichofanana na Kiswahili Sanifu.

2.0 Kisa Kilichozaa Maoni Haya

Mwandishi wa makala haya alifundisha Kiswahili katika shule za sekondari nchini Tanzania kwa miaka 11, kisha katika chuo kimoja nchini Marekani kwa miaka sita. Katika mwaka wa sita, shule moja ya msingi iliniomba nisaidie kama mkalimani. Mtoto wa miaka sita, wa familia ya wakimbizi kutoka mashariki ya Kongo, alikuwa anapimwa lugha. Si jambo la ajabu, kwani katika miaka ya 2010 wakimbizi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo walikuwa miongoni mwa makundi makubwa yaliyopokewa nchini humo, na wengi wao walikuja na Kiswahili. Aidha, sheria ya Marekani ya elimu ya watoto wenye ulemavu, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1975 na ambayo ilifanyiwa marekebisho mwaka 2004, inataka mtoto apimwe kwa lugha yake pale inapowezekana. Mpimaji hakujua Kiswahili wala hakuwa na kipimo cha Kiswahili. Alichokuwa nacho ni mimi.

Mtoto alionyeshwa picha, naye akazieleza. Alisema "batoto banacheza". Alisema "mutu mukubwa". Alipoona picha ya mtoto mchanga akasema "katoto kanalia". Mpimaji akaniuliza kama mtoto huyu anasema sawasawa. Nikajibu, kwa uhakika wa mtu aliyesahihisha maelfu ya insha, kwamba mtoto hajazimudu ngeli za Kiswahili. Nikazitaja hitilafu moja baada ya nyingine: batoto badala ya watoto, mutu badala ya mtu, katoto badala ya kitoto. Maneno yangu yakaingia katika taarifa. Mtoto akahesabiwa miongoni mwa wenye upungufu wa lugha, akawa anatolewa darasani mara mbili kwa wiki wakati wenzake wakijifunza kusoma.

Miezi kadhaa baadaye nilikutana na mama yake dukani. Hakuja kwa shari. Alinisalimu kwa heshima, akauliza habari za nyumbani, kisha akasema: "Mwalimu, mutoto anasemaka sawa vile sisi bote tunasemaka."

Sentensi hiyo moja ilinifundisha kuliko kozi zangu zote za sintaksia. Katika Kiswahili cha Kongo, ba- ndicho kiambishi cha wingi wa ngeli ya watu. Mu- hubaki na irabu yake. Na ngeli ya ka-/tu- ya udogo iko hai kama ilivyo katika lugha nyingi za Kibantu. Tukiyatazama tena maneno ya mtoto tutaona kwamba hakukosea hata mahali pamoja. Batoto wamepatanishwa na ba-. Katoto kamepatanishwa na ka-. Mutu amepatanishwa na mu- katika kivumishi. Mfumo wake wa ngeli ulikuwa mzima, tena mzima kabisa kwa mtoto wa umri ule. Nilikuwa nimepima usanifu, nikauita ulemavu. Niliandika barua ya kuyafuta maneno yangu. Barua ilipokewa vizuri, lakini upimaji mpya haukufanyika hadi mwaka uliofuata, na mwaka mmoja katika maisha ya mtoto anayejifunza kusoma si muda mfupi. Ndipo nilipoamua kuisomea kazi niliyokuwa nimeifanya bila kuijua.

3.0 Taaluma Iliyojengwa na Waliotoka Kwingine

Mtu anayebadili kazi hupenda kuomba radhi kwa kuchelewa. Historia ya taaluma hii inaonyesha kwamba hana sababu ya kufanya hivyo, kwa kuwa waasisi wake wengi walitoka kwingine, na hasa walitoka katika lugha.

Charles Van Riper, ambaye jina lake haliwezi kuachwa katika historia ya tiba ya kigugumizi nchini Marekani, alianza kwa kusomea fasihi ya Kiingereza. Yeye mwenyewe alikuwa na kigugumizi kikali. Baadaye aligeukia saikolojia, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Iowa mwaka 1934, na mwaka 1936 akaanzisha kliniki ya usemi katika chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Western Michigan. Lionel Logue, Mwaustralia aliyemsaidia Mfalme George wa Sita wa Uingereza kukabiliana na kigugumizi chake kuanzia mwaka 1926, hakuwa daktari bali mwalimu wa ufasaha wa kusema mbele ya watu. Hapa Afrika, mafunzo ya taaluma hii katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand yaliasisiwa katika miaka ya 1930 na Pierre de Villiers Pienaar, ambaye alikuwa mtaalamu wa fonetiki. Hali kadhalika Roman Jakobson, mwanaisimu asiyehitaji kutambulishwa kwa wasomaji wa jarida kama hili, ndiye aliyeandika mwaka 1941 juu ya uhusiano baina ya mpangilio ambao mtoto huufuata katika kupata sauti za lugha na mpangilio ambao mgonjwa wa afasia huufuata katika kuzipoteza. Madai yake yamepingwa katika sehemu nyingi, lakini swali alilolizua lilikuwa ni swali la mwanaisimu.

Kwa hiyo, mwalimu wa lugha anayegonga mlango huu hagongi nyumba ya watu asiowajua. Anagonga nyumba ambayo msingi wake ulijengwa na jamaa zake.

4.0 Masharti ya Kuingia

Hata hivyo, undugu haumpi mtu shahada. Ni lazima masharti yaelezwe kama yalivyo, kwa sababu wengi wetu tunayafahamu nusunusu.

Nchini Marekani, kazi hii inahitaji shahada ya uzamili kutoka katika programu iliyoidhinishwa. Chama cha kitaaluma cha huko, ambacho kifupisho chake ni ASHA na ambacho kilianzishwa mwaka 1925, hutoa cheti cha umahiri. Kwa kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2020, mwombaji wa cheti hicho anapaswa kuwa na saa 400 za kliniki akiwa mwanafunzi, zikiwamo saa 25 za kushuhudia kazi ya watabibu na saa 375 za kushughulika na wagonjwa yeye mwenyewe. Anapaswa pia kufaulu mtihani wa kitaifa, na baada ya shahada afanye kazi chini ya usimamizi kwa muda usiopungua wiki 36 na saa 1,260. Tena kila jimbo lina leseni yake. Zaidi ya hayo, anatakiwa awe amesoma biolojia, fizikia au kemia, takwimu, na somo mojawapo la sayansi ya jamii.

Yule ambaye shahada yake ya kwanza haikuwa ya taaluma hii huongezewa masomo ya awali: fonetiki, anatomia na fiziolojia ya viungo vya usemi, makuzi ya lugha ya mtoto, sayansi ya usikivu na misingi ya mfumo wa neva. Baadhi ya vyuo humtaka ayamalize kabla ya kuomba; vingine humpokea na kumrefushia masomo yake. Uzamili wenyewe kwa kawaida huchukua miaka miwili ya masomo ya kutwa, na kwa mwenye mapengo unaweza kufika mitatu. Aliyesoma nje ya Marekani hana budi pia kupeleka shahada zake zikathaminiwe.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kuomba nilikataliwa kote nilikopeleka maombi. Nilipoisoma tena barua niliyoiandika nilielewa sababu. Nilikuwa nimeorodhesha makala, semina na vyeti. Nilieleza jinsi ninavyoipenda lugha. Sikuwa nimesoma takwimu wala biolojia ya chuo kikuu, na sikuwahi kukaa hata saa moja katika chumba cha tiba. Wadhamini wangu, wote maprofesa wa fasihi, waliandika kwa wema mkubwa juu ya uhakiki wangu wa riwaya. Kwa ufupi, niliomba kazi ya mwingine kwa sifa za kazi yangu. Hakuna aliyenionea.

Mwaka uliofuata nilisoma masomo ya awali jioni, baada ya kufundisha. Nilikaa pembeni katika kliniki nikitazama. Nilimwona mzee aliyepata kiharusi akitafuta jina la mkewe kwa dakika nzima huku tabibu akinyamaza. Mwalimu ndani yangu alitaka kumtajia neno lile, tabibu hakumtajia. Alisubiri, akampa sauti ya kwanza tu, na mzee akalipata mwenyewe. Niliporudi nyumbani niliandika barua nyingine. Safari hii sikuandika kwamba naipenda lugha. Niliandika juu ya mtoto wa Kongo, nikasema nilikosea nini, kwa nini nilikosea, na ni elimu gani iliyopungua. Mmoja wa wadhamini wangu sasa alikuwa mwalimu wa anatomia. Nilipokewa.

Ushauri wetu kwa mwombaji unatokana na hapo. Anayebadili kazi asiifiche kazi yake ya zamani, wala asiipambe. Aeleze ni swali gani ambalo kazi ile ilimwachia na ambalo haikuweza kulijibu. Mtu mwenye swali la kweli hutofautiana na mtu aliyechoshwa na kazi, na wasomaji wa maombi hulitambua hilo upesi.

5.0 Mzigo wa Kuchukua

Sasa tutazame kile ambacho mhitimu wa Kiswahili anacho na ambacho chumba cha tiba hakina. Tutatoa mifano mitatu.

Kwanza ni suala la neno na sentensi. Vitabu vya tiba vilivyoandikwa kwa misingi ya Kiingereza humwanzisha mgonjwa wa afasia kwa maneno mamoja-mamoja, kisha humpandisha kwenye vifungu, hatimaye kwenye sentensi. Lakini neno la Kiswahili "hawatatupikia" lina mofimu saba: ha-wa-ta-tu-pik-i-a. Ni neno moja, nalo ni sentensi kamili yenye ukanushi, kiima, njeo, yambwa, mzizi, kauli na kiishio. Tabibu asiyelijua hilo atadhani anampa mgonjwa zoezi jepesi, kumbe amempa mlima. Vilevile atakayeupima urefu wa usemi wa mtoto kwa kuhesabu maneno atamwona mtoto wa Kiswahili kuwa yuko nyuma, hali yeye amesema kwa neno moja yale ambayo mwenzake amesema kwa maneno sita. Ni kweli kwamba tangu kazi ya Roger Brown ya mwaka 1973 wataalamu wa Kiingereza nao huhesabu mofimu. Lakini ni nani atakayezihesabu mofimu za Kiswahili asiyejua zinaanzia wapi na kuishia wapi?

Pili ni suala la silabi. M ya "mtu" ni silabi. M ya "mbuzi" si silabi. Katika "mbu" na "mbwa" m hiyo hiyo ndiyo inayobeba mkazo. Mtoto anayedondosha m katika "mtu" na yule anayeidondosha katika "mbuzi" hawafanyi jambo moja, na tiba yao haiwezi kuwa moja. Maarifa haya tunayafundisha katika mwaka wa kwanza wa fonolojia, na wanafunzi wetu huuliza yana faida gani. Jibu ni hili hapa.

Tatu ni suala la sauti na maana. Mtu anayesema "karamu" akikusudia kalamu, au "mahari" akikusudia mahali, anaweza kuwa mmoja wa watu watatu: mtoto mdogo ambaye bado hajazitenga r na l, mtu mzima ambaye lugha yake ya kwanza haizitofautishi sauti hizo, naye hana tatizo lolote, au mtu ambaye ulimi wake una shida ya kweli. Sikio peke yake halitoshi kumtambua yupi ni yupi. Linalohitajika ni ujuzi wa lugha za Kibantu zinazokizunguka Kiswahili, na ujuzi huo uko katika idara zetu.

6.0 Mzigo wa Kuacha

Ujuzi huo huo, usipotiwa adabu, hugeuka kuwa silaha. Sisi walimu wa Kiswahili tumelelewa katika itikadi ya usanifu. Tangu kilahaja cha Unguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu katika miaka ya 1920, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, shule zimekuwa na chombo kimoja cha kupimia. Chombo hicho kimetupa vitabu, mitihani na umoja wa maandishi, na mwandishi hana nia ya kukibeza. Anachosema ni kwamba chombo cha kupimia insha hakifai kupimia afya.

Tabibu hana budi kutenganisha mambo matatu ambayo mwalimu huyaita yote kosa. La kwanza ni kosa la mwanafunzi, yaani mtu anayejifunza lugha isiyo yake na ambaye bado hajafika. La pili ni tofauti ya lahaja, ambayo si kosa hata kidogo. La tatu ni kasoro ya lugha au usemi, yaani hali inayomzuia mtu kuipata au kuitumia lugha ya watu wake mwenyewe. Chama cha Marekani tulichokitaja kilitangaza msimamo mwaka 1983 kwamba hakuna lahaja ya Kiingereza iliyo kasoro ya usemi au lugha. Tungependa kuona msimamo kama huo ukitamkwa waziwazi kuhusu Kiswahili, kuanzia Lamu hadi Lubumbashi.

Zipo njia za kuyatenganisha mambo hayo, na mwombaji mwenye nia njema ataanza kuzijifunza kabla hajaingia darasani. Kasoro ya kweli ya lugha kwa mtoto mwenye lugha mbili haikai katika lugha moja tu. Hujitokeza katika zote. Mtoto hulinganishwa na ndugu na wenzake wa jamii ile ile ya usemi, si na kitabu. Mzazi huulizwa kama mtoto huyu anatofautiana na wengine aliowalea, na jibu lake hupewa uzito. Tena mtoto hufundishwa jambo jipya kidogo, kisha hutazamwa analishika vipi, kwa kuwa asiyefundishwa na asiyeweza si watu wa namna moja. Laiti ningemuuliza mama yule swali moja tu kabla ya kufungua kinywa changu mbele ya mpimaji.

7.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni la uzalendo wa taaluma: mwacha asili ni mtumwa, na idara za Kiswahili zina upungufu wa walimu. Hoja hii ina uzito. Lakini mtu anayepeleka uchanganuzi wa mofimu katika kitanda cha mgonjwa hajakiacha Kiswahili. Amekipeleka mahali ambako hakijawahi kufika. Lugha inayodai kuwa ya sayansi haina budi kuwa na watu wanaoifahamu katika hospitali, si katika kumbi za makongamano tu.

Pingamizi la pili ni la umri na gharama. Hapa hatutaki kumdanganya msomaji. Masomo ya kutwa pamoja na saa za kliniki humwachia mtu nafasi ndogo sana ya kufanya kazi nyingine. Ada za vyuo vya Marekani ni kubwa, na mwenye watoto wanaosoma atalazimika kuchagua. Tena cheti cha Marekani hakimpi mtu ruhusa ya kufanya kazi katika kila nchi. Kila nchi ina taratibu zake. Anayekusudia kurudi Afrika Mashariki na aulize kwanza, kwani kuuliza si ujinga. Si kila mwalimu wa Kiswahili anapaswa kwenda njia hii. Tunachosema ni kwamba anayeweza na mwenye swali lake asizuiwe na fikra kwamba hana alichonacho.

Pingamizi la tatu ni kwamba hii ni kazi ya tiba, na lugha ni sehemu ndogo. Tunakubali nusu. Mwandishi hakuweza kuyaelewa matatizo ya kumeza kwa kujua ngeli. Ilimbidi akae na anatomia usiku kucha kama mwanafunzi yeyote, tena mwenye umri mkubwa kuliko wote darasani. Nusu nyingine ni kwamba mtu akiisha kupona kumeza atataka kusema, na atasema kwa lugha yake.

8.0 Wajibu wa Idara Zetu

Mzigo huu si wa mwombaji peke yake. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha shahada ya kwanza ya tiba ya usemi na lugha, hatua kubwa kwa Afrika Mashariki. Watabibu wanaofunzwa katika kanda hii watahitaji kujua mtoto wa Kiswahili husema nini akiwa na miaka miwili, mitatu na minne. Ni nani atakayewaambia kama si sisi?

Kazi imeanza, lakini walioianza ni wachache. Kamil Ud Deen aliutafiti upataji wa Kiswahili cha Nairobi na kuchapisha kitabu chake mwaka 2005. Alionyesha kwamba watoto wadogo hudondosha kiambishi cha upatanishi wa kiima au cha njeo, na kwamba udondoshaji huo una utaratibu. La muhimu zaidi kwa hoja yetu ni kwamba watu wazima wa Nairobi nao huweza kukidondosha kiambishi cha kiima katika mazungumzo, wakasema "tarudi kesho" badala ya "nitarudi kesho". Mpimaji mwenye kitabu cha sarufi sanifu mkononi angemhesabia mtoto kosa kwa jambo alilolisikia kwa baba yake asubuhi hiyo. Naye Katherine Alcock na wenzake walichapisha mwaka 2015 kazi juu ya orodha za kupimia makuzi ya lugha kwa Kigiriama na Kiswahili nchini Kenya, wakiwatumia kama watoa habari wazazi wasiojua kusoma. Hao wazazi, ambao shule haikuwapa cheti, waliaminiwa kuwa mashahidi wa lugha ya watoto wao.

Tunapendekeza mambo matatu. Mosi, kila idara iwe na kozi ya upataji wa lugha ya Kiswahili kwa mtoto, nayo ihusishe lahaja na Viswahili vya bara, sio sanifu pekee. Pili, wanafunzi wa uzamili wahimizwe kurekodi na kuchambua usemi wa watoto wa mahali walipo, ili zipatikane kumbukumbu za Kigoma na Bukavu kama zilivyo za Nairobi. Tatu, mwanafunzi wa Kiswahili aruhusiwe, na ikiwezekana ashauriwe, kusoma takwimu na biolojia kidogo. Hata asipokwenda kwenye tiba hatapoteza. Na akienda hatagonga mlango mikono mitupu kama alivyogonga mwandishi.

9.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mwalimu wa Kiswahili anayeomba kusomea tiba ya usemi hana sababu ya kujidharau, kwa kuwa taaluma hiyo ilijengwa kwa sehemu kubwa na watu wa lugha, na kwa kuwa ujuzi wake unahitajiwa na wagonjwa ambao hadi sasa wanapimwa kwa lugha za wengine. Tumeonyesha pia kwamba ujuzi huo unahitaji kukamilishwa na sayansi ya mwili, na kwamba hauna budi kutenganishwa na mazoea ya kuhukumu.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kwa kawaida msemo huu huelekezwa kwa anayesema maneno mabaya. Kuna haja ya kuuelekeza pia kwa anayeulizwa kama mwingine anasema sawasawa. Siku ile mtoto wa Kongo hakujikwaa ulimi. Aliyejikwaa alikuwa mkalimani wake. Kama makala haya yatamfanya mwalimu mmoja anyamaze kidogo, amwulize mama swali, kisha aende kusoma yale asiyoyajua, yatakuwa yametimiza lengo lake.